Jasho Wakati wa Kula: Maelezo kwa Mwenye Kisukari na Jamaa Zake

Katika lugha ya sheria na biashara, neno “mlaji” humaanisha mtu anunuaye bidhaa au huduma kwa matumizi yake mwenyewe. Leo naomba nilitumie pia katika maana yake ya asili, yaani mtu aketiye kula. Mada yetu inamhusu mlaji kwa maana zote mbili. Inamhusu mtu mwenye kisukari ambaye, kila aanzapo kutafuna, hutiririkwa na jasho usoni, kichwani na shingoni, hata kama ameketi penye baridi ya Makambako. Inamhusu tena mtu huyohuyo anapokwenda dukani kutafuta soda, dawa, krimu au kipimo ili jasho hilo likome.

Ninalokusudia kusema ni hili: jasho la wakati wa kula halithibitishi kwamba sukari imeshuka, wala halithibitishi kwamba haikushuka. Kinachoamua ni kipimo. Na baada ya kipimo, daktari aambiwe, kwa maana jasho hilo laweza kuwa habari ya kwanza kutoka katika mishipa ya fahamu iliyoanza kudhoofika.

Jasho la mlo ni nini?

Kutokwa na jasho kidogo baada ya kula pilipili kali si ugonjwa. Pilipili huamsha vipokezi vya joto vilivyomo kinywani, na mwili hujibu kana kwamba umepata moto. Hilo humpata mtu yeyote.

Jasho tunalolizungumzia, ambalo humu tutaliita jasho la mlo, lina tabia yake. Huanza upesi, mara nyingi ndani ya dakika chache tangu chakula kiingie kinywani. Hushika kichwa, paji la uso, mashavu na shingo, na kwa baadhi ya watu huteremka mpaka mabegani na kifuani. Hutokea pande zote mbili za uso. Haliulizi kama chakula ni cha moto au baridi. Kisha, mlo ukiisha, nalo hupungua na kukauka. Kwa baadhi ya wagonjwa huwa umande mwembamba juu ya mdomo. Kwa wengine hulowesha kola ya shati na kumlazimisha mtu kula akiwa na taulo begani.

Hali hii imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1923 daktari wa Poland aitwaye Łucja Frey alieleza kwa kina jasho la shavuni litokanalo na kula kwa mtu aliyejeruhiwa karibu na tezi la mate lililo mbele ya sikio. Hilo aghalabu huwa la upande mmoja, na humpata hata asiye na kisukari, hasa baada ya upasuaji wa tezi hilo. Mwaka 1973 daktari Peter Watkins wa London aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba jasho la usoni baada ya chakula ni dalili mojawapo ya mishipa ya fahamu kuathiriwa na kisukari. Watafiti wa Manchester, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996, waliikuta hali hii zaidi kwa wagonjwa wa kisukari ambao figo zao zilikuwa zimeharibika, wakifuatiwa na wale wenye mishipa ya fahamu iliyodhoofika. Kwa wagonjwa wa kisukari wasio na madhara hayo ilikuwa nadra.

Kwa nini itokee hivyo? Mwilini mwetu imo mishipa ya fahamu ambayo hatuiamrishi kwa hiari. Ndiyo iongozayo mapigo ya moyo, mwendo wa tumbo, kibofu, mate na jasho. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, huidhuru mishipa hiyo. Wataalamu wanadhani kwamba baadhi ya nyuzi zake, zinapojaribu kuota upya, hukosea njia: nyuzi zilizokusudiwa kuamsha mate hufika kwenye vinyweleo na kuamsha jasho. Hivyo mtu huonja, na badala ya kinywa peke yake kulowa, na uso nao hulowa.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyohuyo anayelowa kichwani huweza kuwa na miguu mikavu isiyotoka jasho kabisa, yenye nyufa visiginoni. Mishipa ya miguuni imekwisha kudhoofika, na ngozi inakosa unyevu wake. Ndiyo maana mhudumu mwerevu, akisikia habari za jasho la kichwani, humwomba mgonjwa avue viatu.

Majasho mawili yasiyo ndugu

Jasho la pili ni lile la sukari kushuka. Hili wengi wenu mnalifahamu. Hutokea pale kiwango cha sukari katika damu kinapokuwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, ambazo ni sawa na miligramu 70 kwa desilita. Huwapata hasa watumiao insulini na watumiao vidonge vinavyolisukuma kongosho kutoa insulini, kama vile glibenklamidi. Anayetumia metformini peke yake si rahisi kupatwa nalo.

Jasho la sukari kushuka huwa la baridi, na huenea mwilini. Huja pamoja na wenziwe: kutetemeka mikono, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kizunguzungu, macho kutoona vizuri, hasira isiyo na sababu, maneno kukosa mpangilio. Mara nyingi hutangulia chakula, yaani mlo umechelewa, au mtu amefanya kazi nzito shambani, au amekunywa pombe bila kula. Akipata sukari, hutulia.

Jasho la mlo, kinyume chake, hufuata chakula. Hushika kichwa na shingo, na halileti kutetemeka wala kuchanganyikiwa.

Mkiyasikia maelezo haya mtadhani kuyatofautisha ni kazi rahisi. Mara nyingi ni rahisi kweli. Lakini zipo nyakati tatu ambapo ngozi humdanganya hata mgonjwa mzoefu, na ningependa tuziangalie moja baada ya nyingine.

Wakati wa kwanza: futari. Mwenye kisukari aliyefunga tangu alfajiri, naye hutumia glibenklamidi au insulini, huweza kufika magharibi sukari yake ikiwa chini. Adhana inapoadhiniwa, anatia tende kinywani, na jasho linamtoka. Je, ni lile la njaa ya mchana kutwa, au ni lile la tende? Pengine ni yote mawili kwa pamoja. Asiyepima hatajua. Heri apime kabla ya tende ya kwanza, na heri zaidi apange na daktari wake dozi za mfungo kabla mwezi haujaandama. Tena ifahamike kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 mchana, miongozo ya kitabibu inamtaka mgonjwa afungue papo hapo bila kusubiri jua lizame.

Wakati wa pili: baada ya kushiba. Wengi huamini kwamba mtu aliyekwisha kula hawezi kushukiwa na sukari. Si kweli kwa kila mtu. Mishipa ileile inayopotosha jasho huweza pia kulipunguza tumbo mwendo, chakula kikakaa tumboni kwa saa nyingi bila kuteremka. Mgonjwa aliyejidunga insulini kabla ya kula hukuta insulini imefika katika damu lakini ugali bado uko tumboni. Sukari hushuka ilhali mtu amevimbiwa. Mwenye kushiba upesi, kucheua, kichefuchefu au kutapika chakula cha tangu asubuhi asipuuze jambo hili.

Wakati wa tatu: anapotumia dawa za shinikizo la damu au moyo za kundi la propranololi. Dawa hizi hupunguza mapigo ya moyo na kutetemeka, hata sukari iliposhuka. Jasho hazilizuii. Kwa mtu huyo jasho linaweza kuwa onyo pekee lililobaki. Akilizoea na kusema, “Hili ni lile la kula tu,” atakuwa amepuuza onyo hilo la mwisho.

Soda isiyohitajika

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana kisukari kwa miaka 15. Kila akila chakula cha mchana, jasho humtoka mpaka kwenye nyusi. Mkewe, kwa mapenzi na hofu, humwambia, “Baba watoto, sukari imeshuka hiyo, kunywa soda.” Mzee anakunywa. Baada ya robo saa jasho limekauka, na wote wawili wanashukuru kwamba soda imefanya kazi.

Soda haikufanya kazi yoyote. Jasho limekauka kwa sababu mlo umekwisha. Lakini tupige hesabu. Lebo ya soda ikisema gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100, chupa ya mililita 350 inabeba gramu 37. Akinywa moja mchana na moja usiku, ni gramu 74 kwa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na hapo hatujasema kwamba mtu huyo ana kisukari. Sukari ya mzee wetu hupanda, mishipa huzidi kudhurika, na jasho huongezeka. Jasho likiongezeka, soda nayo huongezeka. Dawa iliyodhaniwa kuwa tiba imegeuka kuwa sababu.

Wapo wanaokosea upande wa pili. Mgonjwa anadhani kwamba vidonge ndivyo vinavyomtoa jasho, anaviacha kimya kimya bila kumwambia mtu, na mwezi unaofuata analazwa hospitali sukari ikiwa juu mno. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja: hukumu iliyotolewa bila kipimo.

Jinsi ya kupima na kuamua

Pale jasho linapotokea kwa mara ya kwanza, au linapotokea kwa namna isiyo ya kawaida, acha kula kidogo, pima sukari, na uangalie namba.

Ikiwa ni chini ya 3.9, sukari imeshuka. Tumia gramu 15 hivi za sukari iingiayo upesi: vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula chakula chako. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe wala kulishwa kitu chochote, maana atapaliwa; alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali.

Ikiwa namba iko katika kiwango chako cha kawaida au juu yake, na huna dalili nyingine, hilo ni jasho la mlo. Halihitaji sukari. Futa uso, endelea kula, na andika ulichokiona.

Ikiwa huna mashine karibu na unatetemeka, moyo unakwenda mbio au mawazo yanapotea, usisubiri. Tumia sukari kwanza, kipimo kitafuata. Kukosea kwa kuongeza sukari mara moja ni jambo dogo kuliko kukosea kwa kuacha ishuke. Tunachokikataza ni kuyafanya makisio hayo kuwa desturi ya kila mlo.

Kuhusu mashine yenyewe, yafuatayo yazingatiwe. Nawa mikono kwa maji na sabuni, uikaushe, ndipo utoboe kidole. Aliyetoka kumenya embe au kushika tende ana sukari kwenye ngozi, na tone la damu litakalopita hapo litatoa namba ya juu isiyo ya kweli. Tazama kipimo cha mashine yako: nyingine husoma kwa milimoli, nyingine kwa miligramu. Namba 90 kwa miligramu ni sawa na 5 kwa milimoli; ukitaka kubadili milimoli kuwa miligramu, zidisha kwa 18. Tumia stripu zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo, zisizopita tarehe ya mwisho. Funga kopo mara tu utoapo stripu moja, na usiliache juani wala jikoni penye mvuke. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, kopo lililoachwa wazi huharibika upesi.

Mjue pia kwamba hakuna mashine ya nyumbani iliyo kamilifu. Kiwango cha kimataifa kinachozihusu, katika toleo lake la mwaka 2013, kinaruhusu tofauti ya hadi milimoli 0.83 pale sukari ilipo chini ya 5.55. Maana yake ni kwamba mashine ikisoma 4.3, ukweli waweza kuwa 3.5. Kwa hiyo, mwenye dalili za kushuka kwa sukari asitulizwe na namba iliyo mpakani. Apime tena.

Daktari aambiwe nini?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jasho la mlo ni ufa unaoonekana. Ukuta wenyewe uko ndani.

Kwa muda wa wiki mbili andika katika daftari mambo matano: saa, chakula, mahali jasho lilipotoka, muda lililodumu, na namba ya sukari wakati huo. Nenda nalo kliniki. Daftari la namna hiyo humfaa daktari kuliko maelezo ya jumla, kwa maana linamwonyesha mara moja kama jasho na namba vinakwenda pamoja.

Una haki ya kuuliza na kuomba yafuatayo yaangaliwe: wastani wa sukari yako wa miezi mitatu, mkojo, kuona kama kuna protini, damu, kuona utendaji wa figo, shinikizo la damu ukiwa umelala na tena ukiwa umesimama, kwa sababu mishipa iliyodhoofika huliacha lishuke ghafla mtu ainukapo, miguu, ngozi na hisia zake, na macho. Taja dawa zote unazotumia, zikiwemo za maumivu, za msongo wa mawazo na za mitishamba, kwa kuwa baadhi ya dawa zina jasho miongoni mwa madhara yake.

Yako majasho ambayo hayahusiani na chakula, na hayapaswi kuchanganywa na haya. Jasho la usiku linaloambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa na kukonda huhitaji kipimo cha kifua kikuu, kwani mwenye kisukari yuko katika hatari ya ugonjwa huo mara mbili hadi tatu kuliko asiye nacho. Na jasho la ghafla lenye kubanwa kifua, kuhema au maumivu yanayokwenda mkononi au tayani ni dharura ya moyo. Kwa mwenye kisukari maumivu hayo huweza kuwa hafifu, au yasiwepo kabisa. Hapo usisubiri mlo uishe. Nenda hospitali.

Nini kinaweza kufanyika?

Hatua ya kwanza ni kuvijua vyakula vinavyokuchokoza. Katika maandishi ya kitabibu jibini imetajwa sana, pamoja na chokoleti, vyakula vya viungo vikali, na vile vyenye uchachu kama siki. Katika meza zetu angalia pilipili, achari, ndimu na ukwaju. Lakini hakuna orodha iliyo sawa kwa watu wote. Daftari lako ndilo litakalokuonyesha. Ukikitambua chakula kimoja au viwili, vipunguze. Usiache kula, wala usiruke milo kwa kuogopa jasho, hasa kama unatumia insulini au glibenklamidi, kwani utakuwa umelikimbia jasho la mlo na kuliita lile la hatari zaidi.

Hatua ya pili ni kuiweka sukari katika kiwango ulichopangiwa. Haiahidi kuondoa jasho lililokwisha kuanza, ila hupunguza kasi ya madhara mengine.

Hatua ya tatu ni dawa. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililolinganisha krimu ya glikopironiamu na krimu isiyo na dawa kwa wagonjwa wa kisukari wenye jasho la mlo, na krimu yenye dawa ilipunguza jasho. Dawa hii huizuia ile ishara ya mishipa isifike kwenye vinyweleo. Zipo pia dawa za kumeza za jamaa hiyo, na sindano za sumu ya botulinamu zinazochomwa juu juu katika ngozi. Zote hizi huamuliwa na daktari. Dawa za jamaa hiyo huweza kukausha kinywa, kuziba mkojo kwa mwenye tezi dume lililovimba, kutia ukungu machoni, kuwadhuru wenye presha ya macho, na kuuzuia mwili usijipoze wakati wa joto kali. Krimu ikiingia jichoni hupanua mboni. Nawa mikono baada ya kupaka.

Hatua ya nne ni vizuia jasho vya kawaida vyenye chumvi za alumini. Hivi ni tofauti na manukato ya kwapa, ambayo hufunika harufu bila kuzuia jasho. Soma lebo ujue unanunua kipi. Havikutengenezwa kwa ajili ya uso, na huwasha. Usivipake karibu na macho wala juu ya ngozi iliyonyolewa punde au yenye jeraha bila ushauri wa mtaalamu.

Tahadhari sokoni

Mtu anayeaibishwa na jasho ni mteja rahisi kudanganywa. Atauziwa unga, mafuta, chai na vidonge kwa ahadi kwamba “vinamaliza kisukari kabisa.” Ahadi ya namna hiyo peke yake inatosha kukufanya urudishe fedha mfukoni.

Hatari yake si kupoteza fedha tu. Mwaka 2008, nchini Singapore, katika muda wa miezi mitano hivi, watu 150 wasio na kisukari walilazwa katika hospitali za umma kwa sababu sukari zao zilishuka vibaya. Uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi yao walitumia bidhaa za kuongeza nguvu za kiume zilizokuwa na glibenklamidi isiyotajwa kwenye lebo. Watu wanne walifariki. Walionunua bidhaa hizo hawakujua kwamba walikuwa wakimeza dawa ya kisukari. Fikirini basi mgonjwa ambaye tayari anameza glibenklamidi ya hospitali, kisha anaongeza unga wenye glibenklamidi ya siri. Jasho litakalomtoka huyo si la mlo.

Kwa hiyo, nunua dawa katika famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali, na udai risiti. Hakikisha kifungashio kina jina la dawa, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kwamba hakijafunguliwa. Usinunue stripu zilizotolewa kwenye kopo lake na kuuzwa moja moja. Hapa Tanzania, dawa, vifaa tiba na vitendanishi, zikiwemo mashine za kupimia sukari na stripu zake, husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Vipodozi, vikiwemo vizuia jasho, tangu mwaka 2019 viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Tiba asili ina Baraza lake. Ukipata madhara kutokana na dawa, au mashine ikitoa namba zisizoeleweka, usiitupe bidhaa. Ihifadhi pamoja na kifungashio chake, na utoe taarifa kwa mtaalamu aliyekuhudumia au katika ofisi ya kanda ya Mamlaka. Taarifa ya mtu mmoja huweza kuwaokoa wengi walionunua toleo hilohilo.

Neno kwa wanaokula pamoja naye

Mwisho, niseme na jamaa. Kwetu kula ni jambo la ushirika. Sinia huwekwa katikati na mikono hukutana. Mwenye jasho la mlo huona macho ya watu, husikia mzaha kwamba amekikamia chakula, na taratibu huanza kujitenga. Hukataa mialiko ya harusi, au hudai kwamba ameshiba. Wengine hula peke yao chumbani. Mgonjwa wa kisukari anayekula peke yake ni mgonjwa ambaye, siku sukari itakaposhuka kweli, hatakuwepo wa kumwona.

Msimzomee, wala msimkimbilie kwa soda. Mpeni leso, mkalisheni penye upepo, na mmuulize kwa upole, “Umepima?” Swali hilo moja lina faida kuliko ushauri mwingi. Jifunzeni nanyi kuitumia mashine yake, ili siku mikono yake itakapokuwa inatetemeka ninyi mweze kumpimia.

Naye mgonjwa asione haya. Jasho hili halikuletwa na uroho, wala halitokani na mkono wa mtu. Ni kazi ya mishipa iliyochoka, na lina maelezo, lina vipimo, na mara nyingi lina nafuu. Likitajwa kliniki mapema, huweza kuufungua mlango wa kuchunguza figo, miguu na macho kabla havijaharibika.

Ndugu walaji, naomba mwondoke hapa na mambo matatu: pimeni kabla ya kuamua, andikeni mnachokiona, mwambieni daktari hata kama hakuuliza.